Mwamba wa Scylla na Maji ya Charybdis

Ukitazama ramani ya Ulaya utaona nchi ya Italia imejitokeza baharini mfano wa mguu wa mtu, na mbele ya kidole cha mguu huo kuna kisiwa kikubwa, jina lake Sicily. Kwa mtazamaji wa ramani kisiwa na bara vyakaribia kugusana. Kati yake pana mlango wa bahari mwembamba uitwao Mlango wa Messina. Mahali palipo pembamba kuliko pote upana wake haufiki maili 2, na mtu asimamaye upande mmoja aweza kuona nyumba za upande wa pili, na usiku aweza kuhesabu taa zake. Kaskazini ya mlango huo ipo Bahari ya Tyrrhenia, na kusini yake Bahari ya Ionia.

Upande wa bara, karibu na mahali mlango uanzapo kwa kaskazini, mwamba mkubwa umeingia baharini. Juu yake imejengwa ngome, na chini yake, kulia na kushoto, ni mji mdogo wa wavuvi uitwao Scilla. Ng'ambo, kiasi cha karibu maili 4, ni Rasi ya Peloro, ncha ya Sicily, nayo haina mwamba, bali ni mchanga mtupu ulioinuka kidogo tu juu ya maji. Baina ya mwamba huo na rasi hiyo Wayunani wa kale waliweka madubwana mawili ya hadithi zao, Scylla na Charybdis.

Habari zao zimo katika utenzi mrefu wa Homer, uliotungwa yapata miaka 700 kabla ya kuzaliwa Kristo, usimuliao safari ya Odysseus. Mtu huyu alikuwa mfalme wa kisiwa kidogo cha Ithaca. Alikwenda vitani Troy, vita vikachukua miaka 10, na kurudi kwake nyumbani kukachukua miaka 10 mingine, maana kila alikoelekea alikutana na mashaka. Katika safari hiyo alikaa kwa mwanamke mchawi aitwaye Circe, na alipotaka kuondoka, Circe alimweleza njia iliyo mbele yake.

Akamwambia ya kuwa atafika penye miamba miwili itazamanayo. Mmoja ni mrefu hata kilele chake hufunikwa na wingu siku zote, na ubavu wake ni laini kama jiwe lililosuguliwa. Katikati ya ubavu huo pana pango, na ndani ya pango akaa Scylla. Sauti yake ni ndogo kama ya kitoto cha mbwa, lakini ana miguu 12, na shingo 6 ndefu, na kila shingo ina kichwa chenye safu 3 za meno. Nusu ya mwili wake imefichwa pangoni. Vichwa huvitoa nje, akavua pomboo na kila kipitacho. Hakuna merikebu iliyopata kupita pale isitwaliwe watu 6, kila kichwa na mtu wake. Mwamba wa pili ni mfupi, na juu yake umeota mtini mkubwa wenye majani mengi. Chini ya mtini huo ni Charybdis. Huyu umbo lake halionekani. Huonekana kazi yake. Mara tatu kila siku huyanywa maji ya bahari, na mara tatu huyatapika. Merikebu ikimkuta anakunywa, haitoki tena.

Shauri la Circe lilikuwa gumu kusikia. Alimwambia Odysseus ashike njia ya karibu na Scylla, apite mbio, maana ni afadhali kuwalilia watu 6 kuliko kuangamia wote pamoja. Odysseus akauliza kama haiwezekani kumwepuka mmoja na kupigana na mwingine. Circe akamkemea, akasema Scylla si kiumbe cha kufa, wala hashindwi kwa silaha. Dawa yake ni kukimbia tu.

Basi Odysseus akaondoka na jambo hilo moyoni. Walipokaribia wakaona moshi wa maji, wakasikia ngurumo, na makasia yakawaponyoka mikononi kwa hofu. Odysseus akapita kati yao akiwatia moyo mmoja mmoja, akamwamuru mshika usukani aweke chombo mbali na maji yale yaliyokuwa yakichemka. Hatari ya Charybdis waliiona wenyewe kwa macho. Habari za Scylla hakuwaambia. Alijua ya kuwa wakisikia wataacha makasia na kujificha ndani ya chombo, na hapo watapotea wote. Yeye mwenyewe akavaa silaha zake, akashika mikuki miwili, akasimama omo, ingawa Circe alikuwa amemwonya. Akautazama mwamba mpaka macho yakachoka, asione kitu.

Wote walikuwa wakitazama upande wa Charybdis, jinsi maji yalivyozama hata mchanga wa chini ukaonekana. Wakati huo huo Scylla akanyosha shingo zake, akanyakua watu 6 waliokuwa hodari kuliko wenzao. Odysseus alipogeuka aliona mikono na miguu yao tayari iko juu hewani, akawasikia wakimwita kwa jina lake mara ya mwisho. Katika taabu zote alizoziona baharini hakuna iliyomwumiza kama hiyo.

Watu wamebishana tangu zamani kama Odysseus alifanya vema kuwaficha wenzake. Aliokoa wengi kwa kupoteza 6, lakini wale 6 hawakupewa hata nafasi ya kuagana. Si rahisi kumhukumu. Nahodha ye yote aliyepata kuvusha watu wenye hofu katika bahari mbaya ajua ya kuwa makasia yakisimama, chombo kimekwisha.

Hata hao waliookoka hawakufika kwao. Walichinja ng'ombe wa jua waliokatazwa, merikebu ikapigwa na radi, wakafa wote ila Odysseus peke yake. Mawimbi yakamrudisha mpaka kwa Charybdis, amekaa juu ya mkuku na mlingoti aliokuwa ameufunga pamoja nao. Maji yalipoyameza magogo hayo yeye akaushika ule mtini, akaning'inia kama popo. Akangoja. Magogo yalipotapikwa akajiachia, akayapanda, akapiga maji kwa mikono yake akaenda zake. Katika habari hii ya mtini limo jambo la kuangaliwa sana: maji yaliyomeza yalirudisha, na mtu yule alijua kwamba yatarudisha. Hayo si mambo ya dubwana. Ni mambo ya maji yanayopwa na kujaa kwa saa zake.

Homer hakutaja jina la Messina. Lakini Wayunani waliohamia Sicily yapata mwaka 730 kabla ya Kristo walijenga mji katika mlango huu, mahali ambapo ulimi wa mchanga umeizunguka bandari mfano wa mundu. Wakauita Zancle, maana katika lugha ya wenyeji neno hilo ni mundu. Ndio mji uitwao sasa Messina. Watu hao walivuka maji haya kila siku, wakasadiki ya kuwa ndipo alipopita Odysseus. Thucydides, aliyeandika habari za vita vya Wayunani katika miaka ya 400 kabla ya Kristo, asema waziwazi ya kuwa mlango huu ndio uitwao Charybdis, akaongeza sababu yake: maji ya bahari mbili kubwa huingia kwa nguvu mahali pembamba. Mwandishi huyo hakutaja vichwa wala meno.

Wengine walicheka. Eratosthenes, aliyekuwa bingwa wa jiografia, alifanya mzaha. Katika utenzi huo huo Odysseus alipewa mfuko wa ngozi uliofungiwa pepo za baharini. Basi Eratosthenes akasema, njia ya Odysseus itajulikana siku atakapopatikana fundi aliyeushona mfuko huo. Mzaha huo una haki yake. Mwamba wa Scilla haufiki mawinguni, na kutoka hapo mpaka Rasi ya Peloro hakuna mshale uwezao kuvuka, ijapokuwa Homer aliiweka miamba yake karibu kiasi hicho. Mtini nao hauna mwamba wa kuota juu yake, maana upande wa Sicily ni mchanga. Lakini anayeacha mambo haya kwa sababu dubwana halipo, na asiyatazame maji, ameacha sehemu iliyo bora.

Mtoto wa pwani ya Afrika ya Mashariki, ajuaye bamvua na maji mafu, angeshangaa kuona Bahari ya Mediterania. Mombasa na Unguja maji ya bamvua hupanda futi 10 na zaidi, na jahazi iliyokuwa ikielea asubuhi hulala juu ya mchanga adhuhuri. Huko Messina maji hayapandi zaidi ya futi 1 hivi, na mgeni aweza kukaa ufukoni siku nzima asitambue kama yamepwa au yamejaa. Basi mkondo mkali watoka wapi?

Sababu ni hii. Bahari mbili zinazokutana hapa hazijai pamoja. Bahari ya Tyrrhenia ikiwa imejaa, Bahari ya Ionia imekupwa. Na baada ya saa 6 hivi mambo hugeuka. Tofauti yake haizidi futi 1, lakini tofauti hiyo iko kati ya pande mbili za mlango ulio mfupi na mwembamba, na maji hayana njia nyingine. Hushuka kutoka bahari iliyo juu kwenda iliyo chini, kama maji ya mfereji. Tena sakafu ya mlango si sawa. Mahali palipo pembamba imeinuka kama kizingiti, na maji yaliyo juu ya kizingiti hicho yana kina cha futi 250 tu, na hali upande wa kusini sakafu hushuka upesi hata kina cha futi 3,000 na zaidi. Maji mazito ya chini, yaliyo baridi na yenye chumvi nyingi, hufika penye kizingiti, hulazimika kupanda, hukutana na maji mepesi yenye joto, nayo husukumana. Juu ya bahari huonekana mistari ya mawimbi mahali pasipo na upepo, na mabaka laini kama mafuta yaliyomwagika, na mizunguko ya maji ambayo wenyeji huiita garofali. Mkondo huweza kwenda maili 5 kwa saa, wakati wa bamvua hasa, yaani upesi kuliko mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu.

Sasa wafikirieni watu wa kale ndani ya chombo chao. Merikebu ya Wayunani ilikuwa nyembamba, ubavu wake mfupi, na pasipo upepo ilikwenda kwa makasia, nayo kwa makasia haikuzidi sana mwendo huo wa maji. Ikikutana na mkondo uso kwa uso husimama mahali pamoja, watu wakavuta mpaka nguvu zikaisha. Ikikaa ubavu, hugeuzwa. Mshika usukani akiona maji yanazunguka mbele ya rasi ya mchanga, hukimbilia upande wa bara, na upande wa bara ndipo ulipo mwamba. Upepo ukivuma kutoka baharini humsukuma kwenye mawe, na mawimbi yaingiapo katika mapango ya chini ya mwamba hutoa sauti kama mbwa wanaobweka. Jina la Scylla lenyewe lafanana na neno la Kiyunani la mtoto wa mbwa. Aliyesikia sauti hiyo usiku, akawakosa wenzake asubuhi, hakuwa mwongo alipohadithia nyumbani kwamba kitu kiliwanyakua.

Jambo moja katika hesabu ya Homer lilisumbua watu. Alisema mara tatu kwa siku. Polybius, mwanahistoria wa karne ya pili kabla ya Kristo, aliona ya kuwa bahari hupwa mara mbili, si mara tatu, akasema labda wanakili walikosea. Hata hivyo ni ajabu ya kutosha kwamba mtungaji wa nyimbo alijua ya kuwa maji yale yana saa zake za kwenda na za kurudi.

Msafiri mmoja anayejulikana sana kwa wanafunzi alipita mlango huu, naye ni Mtume Paulo, alipokuwa akipelekwa Rumi hali ni mfungwa, yapata mwaka 60. Luka aandika katika Matendo ya Mitume ya kuwa chombo chao kilichotoka Iskanderia kiliondoka Sirakusa, kikafika Regio. Na baada ya siku moja kusi ikavuma, wakafika Puteoli siku ya pili. Regio ni mji wa Reggio, ulio upande wa bara katika mlango huo huo. Luka hataji dubwana lo lote. Lakini baharia asomaye maneno yake hutambua mara moja kwa nini kusi imetajwa, maana chombo kizito cha tanga hakikuweza kupita kwenda kaskazini katika mkondo ule pasipo upepo wa nyuma.

Hata merikebu kubwa za baadaye hazikudharau maji hayo. Mwingereza William Henry Smyth, mpimaji wa bahari, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1824 ya kuwa aliona hata manowari ya mizinga 74 ikizungushwa hapo. Haikumezwa, wala haikuvunjika. Lakini kugeuzwa kwa chombo cha ukubwa ule ni ushahidi wa kutosha. Siku hizi meli za injini hupita mchana na usiku, na mabehewa ya treni hupakiwa ndani ya meli za kuvusha, yakashushwa ng'ambo na kuendelea na safari. Hata hivyo meli kubwa hulazimishwa kuchukua rubani wa mahali pale, na rubani huyo ana kitabu cha saa za mkondo.

Kutapika kwa Charybdis nako kuna msingi wake. Maji yapandayo kutoka kilindi huleta samaki wasioonekana na watu mahali pengine, wadogo, weusi, wenye meno marefu kuliko kinywa, na viungo vitoavyo nuru katika giza la chini. Baada ya pepo kali huokotwa ufukoni karibu na Messina, na wataalamu wa viumbe vya bahari wamekwenda huko tangu zamani kuwatazama bila kushusha wavu.

Samaki mwingine huja kwa hiari yake, na huyo ndiye aliyewalisha watu wa Scilla. Ana pua ndefu kama upanga, akafanana na sulisuli na nduaro wajulikanao na wavuvi wa pwani ya Afrika ya Mashariki. Hupita mlango huu kwa wingi tangu Mei mpaka Agosti. Polybius aeleza jinsi alivyovuliwa chini ya mwamba wa Scylla: mwangalizi mmoja hukaa mahali pa juu na kuwaonyesha wote samaki alipo, katika kila mashua mmoja huvuta makasia na mwenziwe husimama omo na chusa. Kichwa cha chusa kimetiwa kwa ulegevu, nacho kina kamba ndefu. Samaki akichomwa, mti hutoka, kichwa hubaki mwilini, naye hukimbia na kamba mpaka achoke. Polybius alifikiri ya kuwa Homer, aliposema Scylla huvua pomboo kutoka mwambani, alikuwa amesikia habari za uvuvi huu. Mtu akitafakari jinsi mwangalizi alivyoketi juu ya mwamba na chusa zikatoka chini yake, fikira hiyo si mbaya.

Uvuvi huo haujakoma. Mashua chache zaendelea nao hata leo, ila mwangalizi hakai mwambani tena. Hukaa juu ya mlingoti wa chuma wenye urefu wa zaidi ya futi 60, na mpiga chusa husimama kwenye ncha ya daraja jembamba lililotokeza mbele ya chombo, mbali, ili samaki asisikie injini. Wavuvi wa zamani, yasimuliwa, walipomwona samaki walisema maneno ya Kiyunani yaliyobaki midomoni mwao bila kujua maana yake, maana waliamini ya kuwa akisikia Kiitalia atazama.

Lakini hatari iliyo kubwa kuliko zote haikutoka majini wala pangoni. Nchi ile imepasuka chini kwa chini, na mlango wenyewe ulifanyika kwa nyufa hizo. Tarehe 5 Februari 1783 tetemeko kubwa la nchi liliangusha miji mingi ya upande wa bara. Watu wa Scilla wakaogopa kulala katika nyumba zilizopasuka, tena chini ya ule mwamba. Wakatoka na watoto wao, wakashuka ufukoni, wengine wakaingia katika mashua zao, kwa kuwa mchanga hauna ukuta wa kumwangukia mtu. Usiku huo nchi ikatetemeka tena. Ubavu wa mlima ulio karibu na mji ukamomonyoka, ukaanguka wote baharini, na bahari ikainuka ikaja juu ya ufuko gizani. Watu kama 1,500 walichukuliwa, na mtawala wao mzee, aliyekuwa pamoja nao ufukoni, alikufa pia. Waliokataa kutoka katika nyumba zao, na nyumba zikasimama, walikuwa wazima asubuhi.

Tarehe 28 Desemba 1908, alfajiri, tetemeko jingine lilibomoa Messina na Reggio pamoja, bahari ikapanda juu ya pwani mahali pengine zaidi ya futi 30, na waliokufa walikuwa 80,000 au zaidi.

Miji yote ilijengwa tena mahali pale pale. Huko Scilla mtaa wa wavuvi uitwao Chianalea uko chini ya ngome, na nyumba zake zimesimama ukingoni mwa maji hata mashua hufungwa milangoni. Wakati wa bahari mbaya mawimbi hupiga kuta za nyumba hizo. Katika majira ya samaki, kukipambazuka, vyombo vyenye milingoti mirefu hutoka, na kwa kuwa mkondo hugeuka kila saa 6, manahodha huuliza kwanza maji yanakwenda upande gani.